Hongo ya Njiani na Ushuru wa Forodha
(Mazungumzo yaliyotolewa Sikonge, siku ya kukutana kwa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme juu ya ushuru wa forodha. Najua wapo wanaojiuliza forodha inatuhusu nini sisi watu wa asali na tumbaku, tulio mbali na bahari. Lakini Wanyamwezi waliijua kazi hii mapema sana. Babu zetu walibeba pembe hadi Bagamoyo, wakarudi na merikani, kaniki, ushanga na nyaya. Kule Ugogo watemi walidai hongo ndipo msafara upite na kuteka maji. Hongo hiyo haikuwa rushwa. Ilikuwa ushuru, ikilipwa hadharani, ila kiwango chake kilitegemea mapatano ya siku ile, na hapo ndipo ubaya ulipokuwa: msafara ungeweza kukaa siku kadhaa ukibishania doti za nguo huku wapagazi wakimaliza posho. Pwani mambo yalikuwa tofauti. Mkataba wa mwaka 1833 kati ya Seyyid Said na Marekani, walikotoka hao merikani wenyewe, uliweka ushuru wa asilimia 5, na mwenye mzigo alijua atatoa nini kabla ya kuushusha.

Leo neno hongo limegeuka kuwa la aibu. Ushuru nao umeandikwa. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ni ya mwaka 2004, na viwango vya pamoja vilianza mwaka 2005: malighafi na mitambo 0, bidhaa zilizosindikwa nusu asilimia 10, bidhaa kamili asilimia 25. Mwaka 2022 kikaongezwa cha asilimia 35 kwa baadhi ya bidhaa.

Tufanye hesabu, vijana mnisaidie. Bei ya bidhaa, nauli na bima mpaka bandarini jumla ni shilingi 4,000,000. Ushuru wa asilimia 25 ni 1,000,000. Kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, haikatwi kwenye 4,000,000 bali kwenye 5,000,000, nayo ni 900,000. Bado tozo nyingine ndogo. Mtu aliyepiga hesabu ya bei ya dukani peke yake hujikuta bandarini mfuko mtupu.

Kikundi kimoja cha wafuga nyuki kiliagiza mashine ya kukamulia asali kwa akiba ya misimu mitatu. Wakamkabidhi kishoka, mtu asiye na leseni ya uwakala. Yeye akaona ujanja ni kuandika ankara nyingine yenye bei ndogo, na mzigo akauita “vyombo mchanganyiko”. Ajabu ni kwamba mashine za namna ile nyingi huangukia kwenye kiwango cha 0! Kwa kuificha aliwatoa kwenye nafuu akawatia kwenye shtaka la maelezo ya uongo. Mzigo ukazuiwa, gharama za ghala zikapanda kila siku, na asali ya msimu ule ikakamuliwa kwa mikono. Kishoka simu yake haipatikani mpaka leo.

Basi tafuteni wakala mwenye leseni, na leseni yenyewe mwombe muione. Mzigo utolewe maelezo ya forodha ndani ya siku 21 tangu kuanza kushushwa. Hati tunzeni miaka mitano, maana wakaguzi huweza kuja baada ya mzigo kuuzwa na kusahauliwa.

Wenye biashara ndogo na Burundi wana njia nyepesi: kwa bidhaa za Jumuiya zilizomo kwenye orodha ya pamoja, zisizozidi thamani ya dola 2,000, ipo hati rahisi ya uasili inayotolewa mpakani. Haiondoi kodi nyingine za ndani, lakini ushuru wa forodha unaondoka. Wengi wetu hupita njia za panya kwa kukwepa ushuru ambao hata hawadaiwi.

Ndugu Mwenyekiti, nitakuwa chini ya mwembe ule mpaka saa kumi. Mwenye karatasi zake azilete tuzitazame.