Plastiki: Ijue Kabla ya Kuitia Moto

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya plastiki, hasa ninyi mafundi wa bomba. Tafadhali mwe na dumu la maji karibu, na kipande cha bomba.

Geuza dumu lako. Kitakoni utaona pembetatu ya mishale, na ndani yake tarakimu. Alama hizo zilianza Marekani mwaka 1988. Ya 1 ni chupa za maji na soda. Ya 2 ni dumu gumu. Ya 3 ni PVC, nayo ndiyo bomba lako. Ya 4 ni mifuko laini, ya 5 ndoo nyingi na vifuniko vya chupa, ya 6 ile nyeupe nyepesi inayozunguka redio mpya katika sanduku lake. Ya 7 ni nyinginezo zote.

Je, kama alama imefutika? Mafundi wengi huchoma kipande wakainusa harufu yake. Liacheni jambo hilo! Kata kipande kidogo, ukitie katika bakuli la maji, ukizamishe kwa kidole mapovu yatoke. Ya 2, ya 4 na ya 5 huelea. Ya 1 na ya 3 huzama.

Kwa nini nakataza kunusa? Zaidi ya nusu ya uzito wa PVC safi ni klorini. Ikiungua hutoa gesi ambayo, ikikutana na unyevu wa macho na mapafu, hugeuka asidi kali. Mimi mwenyewe nalichoma vipande vya bomba uani, nikidhani nasafisha. Nilikohoa usiku kucha, na mtoto alikuwa dirishani.

Basi, wataka kupanua ncha ya bomba? PVC hulainika kwa joto la nyuzi 80 hivi, ambalo ni chini ya joto la maji yanayochemka. Moto wa nini? Chovya ncha katika maji yanayotokota, ngoja (bomba nene huchelewa), kisha ulisukumie juu ya jingine. Vaa glavu. Plastiki iliyoyeyuka ikikudondokea usiibandue. Mwagia maji baridi dakika 20, kisha nenda hospitali.

Gundi ya bomba nayo hulevya, na mvuke wake hushika moto. Itumieni penye upepo, mbali na jiko na sigara.

Kabla ya somo lijalo, jaribuni vipande vitano vya nyumbani katika maji, mkaandike daftarini kilichoelea na kilichozama. Kwaherini.