Mtoto Asiyeweza Kushika Kalamu
(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama na wazazi, Burat, Isiolo)



Sisi wafanya kazi wa reli tumekuja kwa basi, maana njia yetu ya treni yaishia Nanyuki, na ile reli ya kupita Isiolo tuliyoahidiwa bado twaingoja. Lakini baadhi yetu kwetu ni hapa Burat, na jambo tulilo nalo leo ni la hapa hapa.

Mwenzetu mmoja ana kijana wa miaka kumi na miwili. Alizaliwa na mtindio wa ubongo, na mikono yake hutetemeka. Mwulize hesabu kwa mdomo, atakujibu upesi kuliko sisi. Mpe kalamu, karatasi yapasuka. Kila muhula hurudi nyumbani na sifuri, na sasa baba yake ataka kumtoa shuleni akachunge mbuzi. Twasema wazi: akili ya kijana huyo haijapimwa hata siku moja. Vilivyopimwa ni vidole.

Zamani katika reli habari zilitoka stesheni hata stesheni kwa telegrafu, ile simu ya kugonga. Maneno yakifika sawasawa, treni ilipita salama, na aliyekuwa upande wa pili hakuuona mwandiko wa mwenzake.

Kwa vipofu jambo hili si geni. Jeshi la Wokovu lilianza shule yao Thika mwaka 1946. Watoto wasioona huandika nukta nundu, na mashine ijulikanayo sana ni Perkins, iliyoanza kutengenezwa Marekani mwaka 1951. Ina vitufe sita vya nukta, na katikati kimoja cha kuacha nafasi. Mtoto hubonyeza viwili au vitatu kwa pamoja, herufi yainuka kwenye karatasi nene, naye huisoma kwa ncha ya kidole. Hawakuambiwa wangoje macho kwanza.

Kwa mkono unaotetemeka viko vyombo vyake. Kwanza penseli iliyozungushiwa mpira ili inenepe. Hiyo hata sisi twaweza kuifanya kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Isipofaa, kuna kibodi iliyofunikwa bamba lenye matundu, tundu moja juu ya kila kitufe, ili kidole kikiteleza kisibonyeze herufi tatu. Kuna na mashine ya kusikiliza mtu asemavyo ikaandika, ila darasani penye kelele husikia yake. Na tangu 2016 Serikali ilipeleka vishikwambi katika shule za msingi za umma. Vingine vimelala kabatini. Kwa nini kimoja kisitolewe kwa huyu?

Wako wasemao kwamba mtoto atakuwa mvivu. Hatukusema watoto wote waache kalamu; mwenye mikono mizima na aandike, na mwandiko wake usomeke. Lakini fundi akikatwa vidole hatusemi ujuzi wake umekatwa pia. Twamtafutia chombo kinachomfaa, tena chama hudai apewe.

Wala si sadaka tunayoomba. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, yampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwondolea kizuizi. Baraza la Mitihani nalo huruhusu muda wa ziada, lakini shule sharti iombe mapema, wakati wa kuandikisha watahiniwa. Mzazi asipouliza, huenda asiambiwe. Vituo vya Serikali vya kupima mahitaji ya watoto kama hawa vilianza mwaka 1984. Huko ndiko pa kuanzia.

Basi twamwomba ndugu yetu asimtoe kijana muhula huu. Jumatatu wawili wetu watakwenda naye kituoni, kisha kwa mwalimu mkuu, karatasi ya kituo mkononi. Mchango wa kibodi twauanza leo. Mweka hazina ameketi pale karibu na mlango, na daftari liko wazi.