Sauti Ipandayo na Sauti Ishukayo

Watu wa nchi ya chai, toka Kericho hata Bomet, wamezoea kusikia lugha nyingi: Kipsigis cha wenyeji, Kigusii na Kijaluo cha majirani, Kiswahili cha wote, na Kiingereza cha ofisini. Tangu makampuni ya Waingereza yalipoanza kupanda chai huko katika miaka ya 1920, wengi wamejifunza maneno ya Kiingereza na sarufi yake. Waliofundishwa kiimbo chake, yaani namna sauti ipandavyo na kushuka, ni wachache.

Mwingereza akisema kwamba hakununua kikapu chekundu, na kulikazia sauti neno la rangi peke yake, mwenziwe hufahamu kwamba alinunua cha rangi nyingine. Mwanafunzi wa Afrika Mashariki mara nyingi huyatamka maneno yote kwa uzito uliokaribiana, kisha huongeza maneno ili aeleweke. Wala huo si uvivu. Katika Kipsigis sauti ina kazi yake tayari: jina la mtenda hutofautishwa na la mtendwa kwa sauti, na mwenye kukosea aweza kumfanya ng'ombe amchunge mchungaji!

Hatari yenyewe ni hii. Sarufi ikikosewa, Mwingereza hutambua kwamba msemaji ni mgeni wa lugha, naye humsamehe. Kiimbo kikikosewa, hudhani ni tabia ya mtu. Mtaalamu wa Marekani, John Gumperz, alieleza katika kitabu chake cha 1982 habari za wanawake wa Kihindi na Kipakistani waliogawa chakula cha wafanyakazi katika uwanja mkubwa wa ndege huko Uingereza. Mwingereza, akimwuliza mtu kama ataka mchuzi, hulitaja neno hilo moja kwa sauti ya kupanda. Wanawake wale walilitaja kwa sauti ya kushuka, kama ilivyo desturi yao; basi wakadhaniwa kuwa wana kiburi, nao wakaona wanaonewa. Waliposikilizishwa sauti zilizonaswa na kuelezwa, ndipo jambo likafahamika.

Kiswahili chaweza kumsaidia karani wa mizani, kwa kuwa "Majani yamepimwa" huwa habari au swali kwa sauti tu, na Kiingereza hufanya vivyo hivyo. Ila aangalie: maswali ya Kiingereza yaanzayo kwa nani, wapi au lini, kwa kawaida sauti yake hushuka mwishoni.