Bima ya gari dereva anapolazwa

Familia ya Mwanza ambayo dereva wake pekee amelazwa Bugando hupanga matumizi upya, na bima ya gari husitishwa mapema. Hoja yao inaeleweka: gari limeegeshwa, dawa zinataka fedha. Kisheria nao hawajakosea sana, kwani Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inadai bima kwa gari linalotumika barabarani, si lile lililolala uani Nyegezi. Lakini ni nyumba gani yenye mgonjwa mahututi ambayo gari lake hulala? Shemeji atalichukua kupeleka uji wodini. Mpwa atavuka nalo daraja la Kigongo–Busisi kuwafuata wazee Sengerema. Usukani sasa umeshikwa na mtu asiyelizoea gari. Akimgonga mwenda kwa miguu bila bima, fidia itadaiwa juu ya gharama za matibabu.

Wengine watasema bima kubwa ni mzigo. Kweli, basi shukeni hadi bima ndogo, inayomfidia mtu wa tatu, kuliko kuiacha kabisa. Na kabla ya kumkabidhi ndugu ufunguo, muulizeni wakala kama mkataba unamruhusu kuendesha, na mhakikishe leseni yake haijaisha muda.