Prius Mbili, Kodi Mbili: Gari Linavyotozwa kwa Moshi Wake Uingereza

Kuna Toyota Prius mbili ambazo hata fundi aliyezizoea hawezi kuzitofautisha kwa macho. Zote ni za kizazi cha nne, zote zina rimu za inchi 15, na kwa vipimo vya kiwandani kila moja hutoa gramu 70 za hewa ya ukaa kwa kilomita. Moja ilisajiliwa Uingereza mwishoni mwa Machi 2017. Nyingine ilisajiliwa siku chache baadaye, mwanzoni mwa Aprili. Ya kwanza inalipiwa kodi ya barabara paundi 20 kwa mwaka. Ya pili, paundi 195. Moshi ni uleule na mafuta ni yaleyale, lakini mwenye gari la pili anatoa karibu mara kumi ya mwenzake, mwaka nenda mwaka rudi.

Viwango hivyo, pamoja na vingine vya kodi hiyo vilivyomo humu, ni vya mwaka wa fedha ulioanza tarehe 1 Aprili 2025, na kwa kawaida hupanda kidogo kila Aprili. Vinawahusu moja kwa moja Watanzania, Wakenya na Wakongo waliofika Uingereza kwa kazi za hospitali na za kutunza wazee majumbani, ambako bila gari mtu hapati zamu za kutosha. Wengi huingia sokoni na paundi elfu tatu au nne mfukoni, wakatazama bei, maili na rangi. Kodi huja kuwashtua baadaye.

Mshtuko huo una sababu yake. Tanzania ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya gari kwenye bajeti ya Juni 2017, Philip Mpango akiwa Waziri wa Fedha, na badala yake ikaongeza shilingi 40 kwenye kila lita ya mafuta. Kenya nayo ilipendekeza mwaka 2024 kutoza kila gari asilimia 2.5 ya thamani yake kwa mwaka, lakini wananchi walipinga kwa nguvu na pendekezo likaondolewa kwenye muswada Juni mwaka huohuo. Kwa hiyo aliyetoka Mwanza au Kisumu amezoea kodi iliyomo ndani ya bei ya mafuta: ukiendesha sana unalipa sana, gari likikaa uani hulipi. Uingereza hutoza mafuta, tena kwa kiwango kikubwa, halafu hulitoza na gari lenyewe.

Kodi hiyo hukusanywa na DVLA, mamlaka ya usajili wa magari na leseni za udereva yenye makao yake Swansea, Wales. Swali la kwanza ambalo mamlaka hiyo huuliza halihusu moshi, linahusu tarehe ya usajili. Gari lililosajiliwa kabla ya tarehe 1 Machi 2001 hutozwa kwa ukubwa wa injini: paundi 220 kama haizidi sisi 1549, paundi 360 kama inazidi. Hewa ya ukaa haiingii kabisa kwenye hesabu.

Kundi la pili ndilo lenye faida kubwa kwa mtu wa kipato cha kawaida. Haya ni magari yaliyosajiliwa kuanzia tarehe 1 Machi 2001 hadi tarehe 31 Machi 2017, na kodi yake hufuata gramu za hewa ya ukaa kutoka herufi A hadi M. Gari lisilozidi gramu 110 hulipiwa paundi 20. Likiwa kati ya 111 na 120 ni paundi 35. Gramu moja tu ikiongezeka, likafika 121, kodi inaruka hadi 165. Kwenye 151 ni 265, kwenye 186 ni 395, na likivuka 255 ni paundi 760. Ford Fiesta ya mwaka 2013 yenye injini ndogo ya EcoBoost, gramu 99, iko kwenye paundi 20. Ukiiweka kando ya jipu kubwa la miaka hiyohiyo, tofauti ya kodi kwa miaka mitano inakaribia bei ya Fiesta nyingine.

Katika kundi hilohilo kuna tarehe ambayo familia zenye watoto wengi zinapaswa kuijua. Land Rover Discovery 3, lile gari la viti saba linalopendwa sana, linatoa zaidi ya gramu 225. Lililosajiliwa kabla ya tarehe 23 Machi 2006 limewekwa kwenye herufi K, paundi 430. Lililosajiliwa tangu siku hiyo linaangukia L au M, yaani paundi 735 au 760. Muuzaji anayesema tu kwamba gari ni la 2006 hajasema kitu; mwezi na siku ndivyo vinavyoamua zaidi ya paundi 300 kila mwaka.

Mwaka 2015 Waziri wa Fedha wa wakati huo, George Osborne, alitangaza kwamba mpango unabadilishwa. Magari mapya yalikuwa yamepungua moshi kiasi kwamba mengi yalilipiwa kidogo sana au hayakulipiwa chochote, na hazina ilikuwa inapoteza. Kwa magari yaliyosajiliwa tangu tarehe 1 Aprili 2017, moshi huhesabika mwaka wa kwanza peke yake. Kwa viwango vya 2025, gari jipya la umeme hulipiwa paundi 10 mwaka huo wa kwanza, la gramu 100 paundi 350, na linalozidi gramu 255 paundi 5,490. Kuanzia mwaka wa pili wote wanalipa kiwango kimoja, paundi 195.

Hapa ndipo haki inapopungua. Adhabu kubwa ya moshi humpata mwenye uwezo wa kununua gari jipya, mara moja, tena ikiwa imeshachanganywa kwenye bei ya dukani. Baada ya hapo jipu linalofoka moshi na haibridi ndogo hulipa sawasawa, na anayelipa kwa miaka kumi inayofuata ni mnunuzi wa pili, wa tatu na wa nne. Mhudumu wa wazee aliyejinyima akanunua haibridi ya 2018 hapati hata paundi moja ya nafuu, kwani punguzo dogo la paundi 10 lililokuwepo kwa magari ya aina hiyo nalo lilifutwa Aprili 2025.

Kuna nyongeza nyingine inayowanasa wengi. Gari ambalo bei yake rasmi lilipokuwa jipya ilizidi paundi 40,000 huongezewa paundi 425 kwa miaka mitano, kuanzia mwaka wa pili hadi wa sita. Kinachotazamwa ni bei ya siku lilipotoka dukani. Anayelinunua likiwa na miaka minne kwa paundi 18,000 analipa 195 na 425, jumla 620, mpaka miaka hiyo iishe. Magari ya umeme nayo hayamo tena kwenye msamaha: yaliyosajiliwa kati ya Aprili 2017 na Machi 2025 yanalipiwa 195 kama mengine, ingawa nyongeza ya gari la bei kubwa haiyagusi hayo ya zamani.

Kisha kuna London. Kodi ya mwaka hupima hewa ya ukaa, ile inayopasha dunia joto. Haipimi sumu inayotoka kwenye dizeli na kumkereketa mtoto mwenye pumu. Kwa miaka mingi watu walihimizwa kununua dizeli kwa sababu gramu zake ni chache, na kodi ikawa ndogo. Volkswagen Golf ya dizeli ya BlueMotion ya mwaka 2011, gramu 99, bado inalipiwa paundi 20 tu. Lakini tangu tarehe 29 Agosti 2023 ukanda wa hewa safi wa ULEZ umeenea London yote, na dizeli isiyofikia kiwango cha Euro 6 hutozwa paundi 12.50 kwa kila siku inayoendeshwa humo. Siku tano kwa wiki, wiki 48, ni paundi 3,000.

Kwa wanaofanya zamu za usiku mambo ni mazito zaidi, kwa sababu siku ya ULEZ huanza na kuisha saa sita usiku. Anayeendesha kwenda kazini saa tatu usiku na kurudi nyumbani saa moja asubuhi amegusa siku mbili: paundi 25 kwa zamu moja. Gari la petroli la 2006 au la karibuni zaidi kwa kawaida linapita bila kutozwa, hata kama kodi yake ya mwaka ni kubwa. Kwa mkazi wa London, hilo ndilo chaguo la busara.

Yote haya yanaweza kuthibitishwa kabla ya kutoa pesa. Kwenye logibuku, ambayo Watanzania huiita kadi ya gari na ambayo Uingereza inajulikana kama V5C, mnunuzi atafute herufi B: hiyo ni tarehe ya usajili wa kwanza. Kisha atafute V.7, ambapo pameandikwa gramu za hewa ya ukaa. Muuzaji akisita kuionyesha, namba ya gari inatosha. Ukurasa wa serikali mtandaoni hutoa taarifa hizo bure, na Transport for London ina ukurasa wake wa kuangalia ULEZ.

Kodi ya muuzaji haiendi na gari. Yeye hurudishiwa miezi kamili iliyobaki, na mnunuzi hulipa kuanzia mwanzo wa mwezi aliolinunua, kwa hiyo anayenunua tarehe 28 amelipia siku ambazo gari halikuwa lake. Stika ya kioo ilifutwa Oktoba 2014, na kamera husoma namba ya gari na kujua kama kodi imelipwa. Asiyeweza kutoa paundi 195 kwa mkupuo anaruhusiwa kukatwa benki kila mwezi, ila kwa nyongeza ya asilimia 5, yaani paundi 204 na peni 75 kwa mwaka.

Mabadiliko mengine yako njiani. Bajeti ya Novemba 2025 ilitangaza kwamba kuanzia Aprili 2028 gari la umeme litatozwa peni 3 kwa kila maili, na haibridi ya kuchaji peni 1.5, juu ya kodi ya mwaka. Mhudumu anayezunguka maili 10,000 kwa mwaka na gari la umeme, kutoka nyumba ya mzee mmoja hadi ya mwingine, ataongeza paundi 300, na maili hizo si yeye anayezipanga.