Kina Kwanza, Kioo Baadaye

Msikilizaji, wenye vyombo vidogo vya matanga, kuanzia Kilifi hadi Mafia, wana swali moja: ninunue mtambo upi wa kuniongoza baharini? Na anayeuliza mara nyingi ameshaonyeshwa kioo. Kioo kipana, cha rangi, kina ramani ya bahari ndani yake na alama ya chombo inayosogea juu ya ramani hiyo. Leo nasema na mtu huyo kabla hajatoa pesa.

Pesa ya kwanza isiende kwenye kioo. Iende kwenye kipima kina, kisha kwenye redio.

GPS inakuambia ulipo, na kazi hiyo inaifanya vizuri sana. Tangu Mei 2000, Marekani ilipoacha kuvuruga kwa makusudi mawimbi yanayotumiwa na raia, kosa lililokuwa likifika mita 100 limeshuka hadi mita chache. Lakini kujua ulipo ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni mwamba ulipo, na hiyo satelaiti haiijui. Inatoka kwenye ramani, na ramani imetokana na mtu aliyepima mahali pale mwaka fulani. Kapteni William Owen wa Uingereza aliipima pwani hii miaka ya 1820, mabaharia wake wakishusha bildi kwa kamba. Bandari zinazoingiza meli kubwa zimepimwa upya baadaye. Vijilango vya katikati ya miamba, wanakopita wavuvi na mashua za watalii, havina meli kubwa ya kuvidaia vipimo vipya, na mafungu ya mchanga huhama. Kioo kitakuchorea vipimo vile vile vya zamani kwa rangi za kupendeza, nawe utaviamini kwa sababu ya rangi.

Mwenye ramani ya karatasi ya zamani na atazame pembeni imechorwa kwa mfumo gani. Mfumo wa Arc 1960, uliotumika kwenye ramani za nchi kavu za Kenya na Tanzania, unapishana na mfumo wa GPS kwa karibu mita 300. Katika mlango wa mwamba, mita 300 zinatosha kukuvunjia chombo.

Na hata ramani ikiwa sahihi, kioo kinaweza kukuficha. Tarehe 29 Novemba 2014, katika mashindano ya kuizunguka dunia kwa matanga, chombo Vestas Wind kilikuwa kinatoka Cape Town kuelekea Abu Dhabi. Kilikuwa na vifaa bora vya wakati ule na mabaharia wa kulipwa. Giza lilipoingia kikapanda kwa kasi juu ya miamba ya Cargados Carajos, visiwa vya Mauritius, humu humu kwenye bahari yetu ya Hindi. Watu 9 wote waliokolewa. Mwamba ule ulikuwemo kwenye ramani yao ya kompyuta, ila kwa ukubwa waliokuwa wakiitazama haukuonekana. Waliona vipimo vya mita 40 na zaidi, wakapita. Wangevuta ramani karibu, wangeuona. Sisemi haya kuwalaumu. Nasema kwa sababu nahodha wa mashua ya futi 25, akiwa peke yake usukanini na maji yakimpiga usoni, ana nafasi ndogo zaidi ya kukumbuka kuivuta ramani.

Sasa kipima kina. Katika vifaa vyote vya dukani, hiki ndicho kinachoiuliza bahari yenyewe. Kinapeleka mlio chini, mlio unakwenda kama mita 1,500 kwa sekunde, unagonga sakafu, unarudi, nawe unasoma kina cha sasa hivi, chini ya mkuku wako mwenyewe. Pwani yenye bamvua la karibu mita nne, kama Unguja, namba hiyo ni uhai: fungu ulilolipita maji yakiwa yamejaa utalikuta limekaa nje yakishakupwa. Nunua chenye kengele, na uiweke ilie mapema. Fundi akikuambia atakibandika ndani ya chombo cha mbao bila kutoboa, mkatalie. Mbao haipitishi mlio ule sawasawa. Tundu litobolewe, lizibwe vizuri, na chombo kikiwa pwani kavu.

Kipima kina hakifanyi kazi sawa kila mahali. Kati ya Unguja na bara, na kuzunguka Mafia, sakafu hupanda taratibu, nacho kitakuonya. Magharibi ya Pemba miamba inasimama kama ukuta kutoka kwenye kina kirefu mno, na kengele ikilia umeshachelewa. Huko ingia mchana, jua likiwa nyuma yako, na mtu amesimama omo akitazama rangi ya maji.

Redio nayo: chukua ya VHF ya kufunga chomboni, ya wati 25, na antena yake iwe juu ya mlingoti. Mawimbi ya VHF huenda kwa kuonana, kwa hiyo urefu wa antena una maana kuliko nguvu. Mlingoti wa mita 10 utasikika na chombo cha kimo hicho hicho maili 12 hivi. Redio ya mkononi, kwa mtu aliyeketi, maili tatu au nne. Spika ya redio ikae mbali na dira, maana sumaku ya spika huivuta sindano.

Kwa wanaovuka njia ya Dar es Salaam na Unguja, naongeza AIS, mtambo unaotangaza kwa redio jina la chombo na mahali kilipo, na iwe inayotuma, si ya kupokea tu. Boti ya abiria inayokwenda maili 30 za baharini kwa saa inamaliza maili sita kwa dakika 12, na chombo cha mbao hakionekani vizuri kwenye rada yake. Kama AIS ni ghali, tundika kiakisi cha rada cha bati la alumini mlingotini wiki hii. Na kumbuka kwamba ngalawa hazina AIS: kioo kikiwa kitupu, bahari bado inaweza kuwa na watu.

Kujua chombo kilipo, simu inatosha kuanzia. Inapata satelaiti bila mtandao, mradi ramani umeipakua ukiwa nchi kavu. Iweke kivulini, jua la saa sita huizima, na uwe na GPS ndogo ya mkononi ya betri za kawaida kama ya pili.

Halafu umeme. Kioo cha inchi saba kinakula kama ampea-saa moja kila saa inayopita. Redio ikisikiliza inakula chini ya hapo. Ikisema inavuta ampea tano au sita, kwa sekunde chache. Usukani wa umeme ndio mlaji mkuu. Betri ya risasi ya ampea-saa 100 ihesabu kuwa 50. Fanya hesabu hiyo kwanza, uone kama paneli ya sola uliyonayo inaziba pengo, ndipo uulize bei ya kioo.

Kinachobaki ni kifaa cha kuita msaada kwa satelaiti, EPIRB, kinachoita kwa siku mbili. Ukikinunua, kisajili kwa jina la chombo na namba ya simu ya mtu aliye nchi kavu. Pa kuanzia kuuliza ni Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC) kwa Tanzania Bara, Mamlaka ya Usafiri Baharini kwa Zanzibar, na Kenya Maritime Authority kwa Kenya. Kisiposajiliwa kitaita vile vile, lakini waokoaji watakuwa na namba tupu, bila jina la chombo wala mtu wa kumpigia simu kumuuliza mlitoka wapi na mko wangapi.