Seli Zinazosikia Wingi Wao



Mahafali haya yanawaaga vijana waliosomea elimu ya viumbe, na swali moja la elimu hiyo linastahili kuwafuata nje ya darasa: seli zenye urithi uleule hujuaje wakati wa kubadilika?

Dictyostelium discoideum huhesabiwa miongoni mwa kuvu-ute, ingawa si kuvu halisi bali ni amiba wa udongoni, na kila seli yake hujitafutia bakteria peke yake mpaka chakula kiishe. Hapo seli zenye njaa hutoa kemikali iitwayo AMP ya mduara kwa mapigo, takriban kila dakika 6, na jirani huifuata hadi seli zipatazo 100,000 zikusanyike kuwa mwili mmoja. Ndani ya mwili huo ishara nyingine, DIF-1, huelekeza baadhi ya seli kuwa bua, na kiasi cha moja ya tano hufa zikiwa zimezibeba juu zile zilizogeuka spora, yaani mbegu zinazosubiri neema irudi.

Kongo inakijua kwa uchungu kiumbe chenye usikivu wa namna hiyo: Trypanosoma brucei, kimelea cha malale kinachoenezwa na mbung'o. Katika damu kimelea hiki huwa chembamba na hujigawa mfululizo. Lakini vimelea vikiongezeka, vimeng'enya vinavyovitoa hukatakata protini za kandokando kuwa peptidi, yaani vipande vifupi vya protini, na wingi wa vipande hivyo huwa habari ya wingi wa vimelea vyenyewe. Habari hiyo hupita kwenye protini ya utando wa seli, TbGPR89, ambayo kazi yake ilielezwa na watafiti wa Edinburgh mwaka 2019. Ndipo kimelea hufupika, hunenepa na kuacha kujigawa: kisipofyonzwa na mbung'o hufa baada ya siku chache, na kikifyonzwa kimekwisha kujiandaa kuishi katika utumbo wake.

Feksinidazoli, vidonge vya malale vya siku 10 ambavyo majaribio yake makuu yaliongozwa na daktari Mkongo Victor Kande, iliidhinishwa nchini Kongo mwaka 2018 na kuwaepusha wagonjwa wengi na sindano. Ni fahari kubwa ya tiba ya Kongo, lakini dawa hiyo huua kimelea moja kwa moja bila kuigusa ishara hii. Njia ya kuvilazimisha vimelea vinenepe mapema, vikiwa bado vichache na mbung'o yuko mbali, haijawa dawa mkononi mwa daktari yeyote.